Kidonda Kilichongoja Tukisahau

Wifi alisogea dirishani kutafuta mwanga, akalegeza kanga. "Wifi, hebu nitazamie hapa. Mbona panatoa maji?"

Kwenye kitovu, pale ulipotolewa mfuko wake wa nyongo, palikuwa na kijivimbe cha rangi ya zambarau, kigumu kukigusa, na juu yake tone la majimaji yasiyo na harufu. Matundu mengine matatu yalishafunga zamani. Mpaka uyatafute ndipo uyaone. Homa hana. Chakula anakula. Siku hiyo alikuwa ametoka sokoni kwa miguu yake. Kliniki ya mwisho ilishapita, nyuzi zilishatolewa, na kwenye karatasi yake daktari alikuwa ameandika kwamba kidonda kimepona.

Na kweli kilikuwa kimepona.

Hilo ndilo lililoninyima raha wiki zote hizi. Kidonda kibichi kikiingia uchafu, mtu anaelewa. Kidonda kilichofunga, kikakauka, kikakaa kimya zaidi ya mwezi, kisha kikafumuka chenyewe kutokea ndani, kinataka maelezo mengine.

## Ulinzi wetu wote uko mwanzoni

Mgonjwa wa upasuaji akirudi nyumbani tunajua la kufanya. Ndoo haigusi, mchi haushiki, supu haikosekani jikoni, na kila anayekuja kumjulia hali anauliza habari za kidonda. Wiki ya kwanza mgonjwa hana faragha. Wiki ya tano hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kupasuliwa.

Upasuaji wa matundu madogo, unaofanywa kwa kamera na vifaa vyembamba, umeifupisha zaidi zamu hiyo. Erich Mühe alipoutoa mfuko wa nyongo kwa njia hii kwa mara ya kwanza, huko Böblingen, Ujerumani, Septemba 1985, madaktari wenzake walimkataa. Leo ndiyo njia ya kawaida, na mgonjwa anaweza kulala wodini usiku mmoja akaruhusiwa. Siipingi hata kidogo. Namkumbuka mama mkubwa, aliyepasuliwa kwa mpasuo mrefu chini ya mbavu, akakaa hospitali mpaka walinzi wa getini wakatujua kwa majina.

Maambukizi nayo ni machache. Mara nyingi hutajwa mgonjwa 1 hadi 3 katika kila 100, na mpasuo mrefu huzidi hapo kwa mbali. Ni namba ya kutuliza, na mtu anayesubiri kupasuliwa ana haki ya kutulizwa nayo. Lakini namba hiyo inategemea mambo mawili: idadi ya siku ambazo kidonda kinafuatiliwa, na mahali kilipofuatiliwa. Kwa kawaida kinafuatiliwa siku 30. Kuhusu mahali, kuna utafiti wa GlobalSurg, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa upasuaji, uliotoka mwaka 2018, uliowafuatilia wagonjwa 12,539 wa upasuaji wa njia ya chakula katika nchi 66. Kwenye nchi zenye maendeleo ya juu waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 9.4. Kwenye nchi zenye maendeleo ya chini, asilimia 23.2. Humo mna upasuaji wa kila aina, wa matundu na wa mpasuo, wa dharura na wa kupangwa, kwa hiyo siwezi kuzichukua namba hizo nikaziweka juu ya tumbo la wifi. Ila zinaonyesha kwamba ugonjwa ule ule, mahali tofauti, unamalizika tofauti.

Na kuruhusiwa mapema kuna maana moja ambayo hatukuambiwa na mtu.

Maambukizi yakija, yatakukuta nyumbani.

## Kwa nini kitovu

Matundu huwa manne. Mawili ni membamba, ya vifaa vya kushikia. La kitovuni na la chini ya kifua ni mapana zaidi, na mojawapo ya hayo mawili ndiyo njia ya kutolea mfuko wa nyongo. Kwa wifi ilikuwa kitovu.

Hebu fikiria kinachopita hapo. Mfuko wenye mawe, wenye nyongo ndani, unavutwa kupitia tundu ambalo mara nyingi ni jembamba kuliko wenyewe. Nyongo ya mtu mzima wa afya kwa kawaida haina vimelea. Nyongo iliyokaa na mawe, hasa kama mfuko umewahi kuvimba na kuwaka, inaweza kuwa na bakteria wale wale wa utumbo. Mfuko ukichanika wakati wa kutolewa, nyongo inagusa kingo za kidonda, na jiwe linaweza kudondoka tumboni. Jiwe lililobaki huko linaweza kutunga jipu miezi mingi baadaye, hata miaka. Ndiyo maana mfuko uliooza au uliotoboka hutiwa kwanza ndani ya kifuko maalumu, humo humo tumboni, ndipo uvutwe nje.

Ongeza kitovu chenyewe na mikunjo yake. Ongeza sukari ya mwili isiyodhibitiwa, kama ipo. Kwa njia hiyo maambukizi ya kawaida yanaeleweka: yanakuja mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili, yana joto, yana usaha, yanauma, na kidonda kikifunguliwa na kusafishwa vizuri hutulia.

La wifi halikufuata hata sharti moja kati ya hayo.

## Vidonge vya kurudi navyo

Aliruhusiwa na mfuko wa antibayotiki. Majirani waliuona wakaridhika, kwa sababu kwetu mgonjwa anayerudi bila dawa anaonekana hakutibiwa.

Mimi nami niliridhika nao, mpaka nilipokaa kusoma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kuzuia maambukizi ya upasuaji uko wazi: dawa ya kinga, pale inapohitajika, ichomwe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha kwa nia ya kuzuia maambukizi. Tena kwa mgonjwa wa nyongo asiye na hatari ya ziada, anayepasuliwa kwa matundu na kwa kupangiwa, miongozo kadhaa haidai hata hiyo sindano ya kwanza.

Vile vidonge, basi, vilitupa sisi amani. Kidonda sidhani kama vilikipa chochote.

Kitovu kilipoanza kutoa maji, wifi alikwenda duka la dawa akapewa vingine. Pakakauka siku chache, pakarudi. Akabadilishiwa. Pakarudi, safari hii vijivimbe viwili.

## "Hakuna kilichoota"

Hatimaye tulikwenda hospitali ya karibu. Wakachukua majimaji wakapeleka maabara kuotesha vimelea. Majibu yalikuja: hakuna kilichoota. Nesi alituambia kwa uso mkunjufu, wifi akashusha pumzi, na ndugu waliokuwa kwenye simu wakamshukuru Mungu.

Mimi nilibaki na karatasi mkononi. Kitu kinachotoka maji kila siku, kinachojijenga uvimbe wa pili kando ya wa kwanza, kinawezaje kuwa si kitu?

Nilimpigia binamu yangu anayefanya kazi maabara mkoa mwingine. Hakuuliza habari za uvimbe. Aliuliza: "Sahani ya kuoteshea vimelea waliiweka muda gani kabla ya kuitupa?" Nilipompa jibu, siku mbili, alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuna vimelea ambao siku mbili kwao bado hawajaamka. "Waambie waangalie mikobakteria. Siyo TB. Ndugu zake TB."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma usiku.

Ndugu hao ni wengi, na wanaotajwa zaidi kwenye matundu ya upasuaji ni watatu: Mycobacterium chelonae, Mycobacterium fortuitum na Mycobacterium abscessus. Wanaishi kwenye maji na udongo, na wanang'ang'ania kuta za ndani za mabomba. Hawaruki kutoka mtu hadi mtu kwa kikohozi kama TB. Wataalamu huwaita wanaokua haraka, lakini ni haraka ukilinganisha na TB: maabara huenda wakahitaji hadi wiki nzima, na ndani ya mwili wanaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha. Wakijionyesha, ni vile vile nilivyoona dirishani. Uvimbe mgumu usio na joto kali, ngozi ya zambarau, majimaji, mgonjwa asiye na homa. Dawa za kawaida zinakausha kwa muda na kuacha mzizi.

Yale majibu ya "hakuna kilichoota", kwenye kidonda kinachotoka maji baada ya mwezi, ni dalili nayo. Ingefaa yamfanye mtu aulize zaidi, na sisi yalikaribia kutufunga mdomo.

Kuna mtego mwingine kwa watu wa huku. TB kwetu ni jirani wa siku nyingi. Kipande cha nyama ya kidonda cha namna hii kikiangaliwa kwa darubini kinaweza kufanana sana na TB, na mgonjwa akaanzishiwa dozi ya TB kwa nia njema kabisa. Dawa hizo za kwanza za TB haziwawezi hao ndugu. Na TB yenyewe nayo imewahi kutokea kwenye matundu ya upasuaji, kwa hiyo kubahatisha upande wowote ni hatari. Lazima kimelea kiitwe kwa jina lake kabla ya dawa.

## Rio de Janeiro

Nilidhani nasoma ajali ya nadra. Kisha nikafika Brazil.

Kati ya Agosti 2006 na Julai 2007, kwenye jimbo la Rio de Janeiro, watu waliopasuliwa kwa kamera walianza kurudi na vidonda vya aina hii. Walihesabiwa 1,051 waliodhaniwa kuambukizwa, kutoka hospitali 63. Maabara zilipolinganisha vimelea, zilikuta wengi wao ni wa aina moja iliyokuwa ikizunguka, na aina hiyo ilikuwa na sifa ya kutisha: iliweza kuvumilia glutaraldehaidi ya asilimia 2, dawa ile ile ambayo vifaa vilikuwa vinaloweshwa ili vitakaswe.

Yaani kimelea kilikuwa kinaogeshwa, na kinatoka mzima.

Februari 2009 mamlaka ya afya ya Brazil, Anvisa, ilipiga marufuku kutakasa vifaa vya upasuaji wa aina hii kwa kuvilowesha kwenye kemikali. Uamuzi mzito, kwa nchi kubwa, na kwa hospitali ambazo nyingine zilikuwa na seti chache na orodha ndefu ya wagonjwa.

Nilisoma habari hiyo mara nyingi, na kilichonishika zaidi ya ile dawa kushindwa ni kwamba walijua. Mtu alihesabu. Mgonjwa wa hospitali hii na mgonjwa wa hospitali ile, ambao hawakujuana, waliwekwa kwenye daftari moja. Bila daftari, kila mmoja angebaki na kitovu chake na duka lake la dawa.

## Alichonieleza nesi wa thieta

Nina rafiki aliyefanya kazi thieta, yaani chumba cha upasuaji, miaka mingi, si kwenye hospitali aliyopasuliwa wifi. Nilimwomba anieleze jinsi vifaa vinavyooshwa, na nikamwomba asinifiche.

Alianza na kazi ya mikono. Kisu cha kawaida ni bapa, kinasuguliwa kinang'aa. Vifaa vya matundu ni virefu, vyembamba, vina mrija ndani, vina maungio kwenye ncha, na vimevikwa ala ya plastiki kuzuia umeme. Ni kama mkasi wa kukatia samaki: unaweza kuuosha namna gani, kwenye msumari wake magamba yanabaki. Ili visafike inabidi vifunguliwe kipande kwa kipande mara tu upasuaji unapokwisha, visukumiwe maji ndani ya mrija, visuguliwe kwa brashi nyembamba, ndipo vitakaswe. Damu ikikaukia ndani, hakuna dawa itakayoifikia ngozi ya chuma iliyo chini yake.

Kisha akaja kwenye muda. Otoklevu, mtambo wa mvuke wenye joto na mgandamizo, ndio wa kuaminika. Lakini vipo vifaa vya kamera ambavyo havihimili mvuke, na zipo hospitali zenye seti moja au mbili na wagonjwa watano kwa siku. Hapo ndipo glutaraldehaidi inapoingia. Kulowesha dakika 20 au 30 kunaua vingi, ila hakuui kila kitu. Kufikia utakaso kamili hutakiwa kama saa 10. Hakuna thieta inayosubiri saa 10 kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Halafu akasema kitu ambacho sikuwa nimekisoma popote kwa uzito aliokisema. "Kemikali lazima isuuzwe, maana inachoma mwili. Sasa uliza: inasuuzwa kwa maji gani?"

Maji ya kusuuzia yanapaswa kuwa yametakaswa. Yakiwa ya bombani, kile kimelea kinachoishi ndani ya mabomba kinarudishwa juu ya kifaa kilichotoka kuoshwa, kisha kinapelekwa kitovuni.

Sikulala mapema usiku ule.

## Shaka yangu

Nilitaka kuandika makala ya hasira. Niliianza, nikaiacha, kwa sababu ukweli una pande.

Vimelea hivi viko hata kwenye maji tunayooga. Wifi alioga nyumbani, kwa maji ya kisima. Kidonda kichanga cha kitovuni kinaweza kuvipata huko. Mgonjwa mmoja hathibitishi kosa la thieta, na sitaki daktari aliyemwondolea maumivu ya miaka mitatu, maumivu yaliyomkunja usiku mpaka tukadhani ni moyo, ahukumiwe kwa tone la maji.

Lakini wagonjwa watatu wa thieta moja, ndani ya miezi miwili, wenye kimelea kimoja, wanathibitisha jambo. Na hao watatu wataonekanaje, kama wa kwanza yuko duka la dawa Tanga, wa pili anapakwa asali na dawa za majani Korogwe, na wa tatu ameanzishiwa dozi ya TB?

Nilipomwambia wifi turudi kule alikopasuliwa, alikataa. "Wifi, nikirudi wataona nimekuja kuwashitaki. Na nikiugua tena nitakwenda wapi?"

Wengi watamwelewa, nami namwelewa. Mgonjwa kwetu anamheshimu daktari, anamshukuru, na kurudi na kidonda kunaonekana kama kufuta shukrani. Nauli nayo ipo. Bima nayo ina maswali yake. Kaka yangu ndiye aliyemlegeza, kwa hoja ambayo sikuwa nimeiwaza: kwamba yupo mwanamke mwingine yuko kwenye foleni ya nyongo wiki hii, naye ana watoto.

## Tulivyorudi

Daktari hakukasirika. Alikitazama kitovu, akauliza kilianza lini, akahesabu nyuma, na nilimwona uso ukibadilika alipofika kwenye tarehe ya upasuaji. Alichukua kipande cha nyama badala ya majimaji ya juu juu, kwa sababu kipande ndicho kinachobeba kimelea vizuri, na akaandika kwa mkono wake kwamba maabara waoteshe mikobakteria na wasitupe mapema. Kisha akamwita nesi mkuu wa thieta akamwomba orodha ya waliopasuliwa kwa seti ile mwezi ule.

Majibu yalikuja na jina la mmoja wa wale ndugu. Wifi yuko kwenye dawa zaidi ya moja, kwa miezi, na vile vijivimbe vilikatwa vikatolewa, maana dawa peke yake mara nyingi haimalizi. Tumbo linamchafuka, masikio yanapimwa kwa sababu mojawapo ya sindano inaweza kuyadhuru. Anaendelea.

Ninachowaomba wanaopasua ni kidogo kuliko mtambo mpya, ingawa mtambo nao ningependa. Karatasi ya kuruhusiwa ina mstari wa homa, macho ya njano, tumbo kuvimba na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hayo ni ya siku za mwanzo, na mtu akiyaona akimbie hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu nyongo inaweza kuwa inavuja. Chini yake uongezwe mstari wa pili: kidonda kilichopona kikivimba au kutoa maji kati ya wiki ya tatu na miezi mitatu, rudi kwetu, usinunue dawa. Uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Na mtu wa thieta, mwenye daftari, ampigie kila mgonjwa simu mara moja mwezi wa pili ukiisha, amwulize kitovu kikoje, aandike jibu.

Nanyi mnaosoma ambao mlipasuliwa nyongo mwaka huu, vueni shati mjitazame leo. Kama pana kijivimbe, nendeni na tarehe ya upasuaji mkononi, na mkiambiwa hakuna kilichoota, ulizeni sahani iliwekwa siku ngapi.